Nyakanga wa Jikoni, Goba

Katika ukoo wetu wote, mie ndiye mwanamke pekee aliyeishia darasa la nne na bado anafundisha chuo kikuu. Profesa mzima anasoma maneno yangu, anayapigia mstari, anaandika pembeni "safi sana".

Nimesema nafundisha. Sikusema nafundisha kweli.

Wewe uliyechelewa kuanza kunisoma, ngoja nikuokote njiani. Naitwa Marietha. Binti yangu Editha ni mhadhiri. Mwaka huu chuo kimempa likizo ya mwaka mmoja, wenyewe wanaiita sabatiko, akae nyumbani kwake hapa Goba aandike kitabu cha nyimbo za unyago wa kwetu Masasi. Kitabu kikitoka mkononi mwake mwezi wa kumi na mbili, anapanda cheo. Kisipotoka, anarudi darasani vile vile alivyoondoka, na mwaka umeshaliwa.

Mumewe, Theonest, alipolisikia neno likizo alifanya jambo moja tu. Alimrudisha dada wa kazi kwao Singida.

"Wa nini tena?" alisema. "Si upo nyumbani?"

Mie nilikuja mwezi wa kwanza kutibiwa macho. Macho yakapona, Theonest akanikatia tiketi ya kurudi, kiti cha dirishani, kwa upendo mkubwa. Jioni hiyo hiyo Editha akapata habari kwamba bibi wa Kunduchi aliyekuwa akimwimbia nyimbo zake amefariki. Nikamkuta anailowesha kompyuta kwa machozi.

Nikamwambia, "Unalia nini, na mama yako ni nyakanga?"

Nyakanga ndiye mkubwa wa unyago. Anawafunda wari, wasichana waliowekwa ndani, anajua nyimbo zote na maana zake zote. Mie si nyakanga. Mie hata unyagoni kwenyewe sijawahi kuingia.

Tiketi ikachanwa. Tangu siku hiyo, miezi minane, namwimbia mwanangu nyimbo ninazotunga nikiwa nakoroga uji.

Wiki iliyopita niliwaacha mezani, Theonest ameisukuma sahani yake baada ya kusikia wimbo wa mbuzi. Sahani ilisimama pembeni kabisa mwa meza. Haikuanguka. Ingeanguka ingekuwa afadhali.

"Soma tena," alimwambia mkewe.

Editha akasoma kwa ile sauti yake ya darasani: "Mbuzi akilia mezani, mpeni majani. Mume akilia mezani, mwonyesheni jiko liliko."

"Na huo ni wimbo wa zamani."

"Mama anakadiria miaka mia mbili."

Theonest akafuta mdomo polepole. "Mama Auleria, muulize mama, miaka mia mbili iliyopita babu zao walikuwa na meza?"

Inabidi niwaeleze jinsi mkwe wangu anavyopigana. Kwao Bukoba alifundwa kwamba mama mkwe hasemeshwi ovyo. Basi tangu hasira imwingie, hajanisemesha moja kwa moja. Nakaa naye meza moja, kati yetu bakuli la maharage tu, na maneno yanapita kwa Editha.

"Editha," nikasema, "mwambie baba Auleria kwamba meza ni tafsiri. Kwa kilugha ni mkeka."

"Mwambie mama kuna wimbo mwingine unaitaja Jumanne."

"Mwambie baba Auleria kwamba Jumanne aliiumba Mungu, si mie."

"Mwambie mama Jumanne ndiyo siku yangu ya kula ndizi. Na wimbo wake unasema mwanamke mwenye kazi ya kichwa hamenyi ndizi Jumanne. Huko Masasi wananijua mimi?"

Editha akapiga kiganja mezani. Auleria, mjukuu wangu wa miaka saba, akaruka na kijiko chake.

"Mimi si simu!" Editha alisema. "Semezaneni wenyewe!"

Theonest akaangalia ukutani. Mie nikaangalia maharage. Hakuna aliyekuwa tayari kuanza.

Mwishowe akamgeukia mkewe. "Haya, tuyaache ya nyimbo. Jumamosi dada yangu Gladness ana kikao cha sendofu, ile ya kuagwa kabla ya harusi yake. Nimewaambia kitafanyikia hapa. Wanawake kumi na mbili hivi. Chai, maandazi, na kitu cha moto."

"Theo, Jumamosi namaliza sura ya nne. Mimi niko kazini."

"Kazini wapi? Ofisi yako iko kati ya kitanda na kabati la nguo."

"Kwa sababu sebuleni umekataa. Ulisema meza yangu inaziba televisheni."

"Editha, watu wanaokwenda kazini hutoka mlangoni. Wewe unaamka, unavaa dera, unaingia chumbani tena. Majirani wananiuliza kama chuo kimekufukuza."

"Unawajibu nini?"

Theonest akaivuta tena sahani yake, akala. Kumbe hilo ndilo lilikuwa jibu. Niliuona uso wa mwanangu unavyofungwa, kama duka.

Asubuhi yake nilikuwa ubavuni mwa nyumba, kwenye tenki la maji, naosha vyombo. Nikamwona Editha anatoka mlango wa mbele. Kavaa suti, viatu vya kisigino, mkoba begani, kompyuta kwapani. Akampungia mumewe aliyekuwa anawasha gari.

"Kazi njema, mume wangu. Na mimi nakwenda kazini."

Akateremka ngazi. Akazunguka nyumba, visigino vinazama kwenye kokoto za ukuta ambao haujaisha, akapita kwenye tenki la maji, akapita kwenye banda la kuku, akasimama mlango wa jikoni.

"Mama, shikamoo. Nimefika kazini. Leo kulikuwa na foleni."

"Marahaba. Umekanyaga mavi ya kuku."

Nilicheka mpaka nikashika tenki. Theonest hakucheka. Alizima gari, akakaa ndani yake dakika nzima akituangalia kupitia kioo, halafu akawasha tena akaondoka. Alivyoondoa gari nilijua hilo nalo litalipwa.

Jumamosi wanawake wa sendofu walikuja, si kumi na mbili, kumi na tisa. Editha alijifungia chumbani. Mie nikaweka kigoda mlangoni kwake, nikakaa.

Gladness alikuja na kucha zake ndefu. "Shikamoo mama. Wifi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini."

"Mbona namsikia anabonyeza kompyuta humo ndani?"

"Hao ni panya."

"Mama, watu wamekaa wakavu. Wifi mzima, msomi, anashindwa kuchemsha maji ya chai?"

"Kwa mila za kwetu," nikasema, "mtu aliye ndani hatolewi kwa sababu ya chai. Akitolewa kabla ya wakati wake, harusi ya aliyemtoa inavunjika."

Harusi yake ilibaki wiki tatu. Gladness alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Wageni wakachemsha maji wenyewe, wakala mkate, wakaondoka wakinisema njia nzima mpaka barabara ya lami.

Mnaona jinsi uongo unavyonoga? Wa kwanza ulinipa chumba. Wa pili ukampa mwanangu nafasi ya kuandika. Nikaanza kujiona mtu mwema.

Sasa niwape ya ndani, ambayo hata paroko sijampa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yangu alikuwa katekista, na masista wa misheni yetu walisema unyago ni mambo ya shetani. Wenzangu walipoingia ndani, mie nilipelekwa ghalani kubangua korosho. Ngoma niliisikia mwezi mzima kupitia ukutani, vidole vyangu vimeungua kwa mafuta ya korosho. Wenzangu walipotoka wamepakwa mafuta, wamevaa kanga mpya, hawakunisalimia. Waliniita mtoto. Mpaka leo kuna vibibi vya Masasi, meno yameisha mdomoni, vikiniona vinasema, "Yule mtoto Marietha."

Kwa hiyo Editha aliponitazama siku ile, machozi bado mashavuni, akasema, "Mama, kumbe we nyakanga, na hujawahi kuniambia?", sikuona kama nimesema uongo. Niliona kama hatimaye nimeitwa ndani.

Ningekomea kwenye nyimbo, labda ningesalimika. Lakini msomi hatosheki. Akauliza, "Mama, somo yako alikuwa nani?"

Somo ni yule mwanamke anayekushika mkono unyagoni tangu unapoingia mpaka unapotoka. Jina lake hutalisahau mpaka kufa. Mie sikuwa naye, basi nikachukua jina kubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwetu: Binti Fakihi. Sikuwahi kumwona hata mara moja. Nilisikia tu wanawake wakimtaja kisimani, na miaka mingi baadaye nikasikia amekufa.

"Binti Fakihi," nikasema. "Mrefu, mweusi, jicho la kushoto lina kengeza. Alifariki mwaka wa mafuriko. Mie mwenyewe nilimwosha."

Editha akamwandikia sura nzima. Sura ya nne.

Jumatatu baada ya ile sendofu ya mkate mkavu, simu ya Editha ililia. Alikuwa Profesa Albano, mkubwa wao, yule anayepiga mistari. Editha aliisikiliza amesimama. Halafu akakaa. Halafu akatupa simu kitandani akaja jikoni mbio, akanibeba. Amenibeba mie, na mwiko mkononi.

"Mama! Amesema sura ya nne ndiyo roho ya kitabu! Anasema Binti Fakihi ndiye atakayekipa jina. Hizo nyingine nirekebishe kidogo, ila hiyo isiguswe!"

Nikaushusha mwiko.

"Na isipokuwepo?" nikauliza.

"Isipokuwepo nini?"

"Hiyo sura. Tuseme ingechanwa na kuku."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaegemea friji. "Mama, isipokuwepo sina kitabu. Miezi minane nimegombana na mume wangu, nimemkosea wifi yangu, Auleria nimemfokea mpaka anaogopa kugonga mlango. Vyote hivyo nimevifanya kwa ajili ya kitabu. Kikianguka, Theo alikuwa na haki."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Kweli ilikuwa imefika kwenye ulimi, imeshavaa viatu.

"Ugali unaungua," nikasema.

Alhamisi Theonest alirudi mapema. Alikuwa na mfuko wa samaki, changu wakubwa, wabichi, kutoka mnadani Kunduchi. Akaja mpaka jikoni ambako huwa hafiki. Akamwambia Editha, lakini uso wake unacheka, na macho yako kwangu:

"Mwambie mama Jumapili tuna mgeni. Anatoka Mbagala. Mtu wa kwao kabisa, Masasi. Atafurahi."

"Mwambie ahsante," nikasema.

Nilikula samaki watatu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini adui anamlisha changu.

Jumapili tulitoka misa ya pili, tukamkuta mgeni keshafika, kakaa kibarazani. Mwanamke mfupi, mnene, kajifunga kanga mbili za kisutu, kichwani ushungi. Umri wake nilimpimia jicho nikaona ni mdogo wangu.

"Huyu ni Bi Mauwa," Theonest alisema. "Jirani ya Gibson, yule mwenzangu wa kazini. Ni nyakanga."

Mjukuu wangu akashangilia. "Kama bibi!"

"Eeh," Theonest akasema. "Kama bibi."

Editha alifurahi, masikini, akakimbilia simu yake ya kurekodia. Mie nikafanya hesabu ya milango. Wa mbele kasimama mkwe, wa nyuma una kuku. Basi nikashika silaha pekee niliyokuwa nayo.

"Mambo yetu haya," nikasema kwa sauti nzito, "hayasemwi mbele ya mwanamume."

Bi Mauwa akatikisa kichwa kukubali. "Kweli kabisa. Baba, tupishe. Na mtoto pia."

Theonest akatoka na Auleria bila kubisha. Nikashusha pumzi. Moja bila! Sikujua kwamba dirisha la sebule lilikuwa wazi, na chini ya dirisha kuna benchi.

Bi Mauwa alikataa kiti. Akatandika mkeka, akakaa miguu imenyooka, akanionyesha nikae mbele yake. Halafu akapiga makofi. Matatu ya haraka, moja la polepole, viganja vimebonyezwa katikati. Akasubiri.

Nikasubiri na mie.

Akapiga tena. Matatu, moja.

Nikakohoa. "Kifua," nikasema. "Vumbi la Goba hili."

"Pole, dada yangu." Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa laini kama mtu anayemvua mtoto mwiba. "Hutaki kunijibu makofi, si kitu. Niambie tu, somo yako nani?"

Jamani, ningetaja jina lolote! Ningesema Asumini, ningesema Zainabu, dunia imejaa. Lakini kabla sijameza mate, mwanangu msomi alidakia kwa fahari.

"Binti Fakihi, bibi! Nimeandika sura nzima juu yake!"

Bi Mauwa akaacha kupepesa macho. "Binti Fakihi yupi?"

"Wa Masasi. Nyakanga mkubwa." Editha keshafungua kompyuta, anasoma. "Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye kengeza jicho la kushoto. Alifariki mwaka wa mafuriko, na mwanafunzi wake mpendwa, Marietha, ndiye aliyemwosha."

"Alimwosha," Bi Mauwa alirudia.

"Kwa maji ya mlonge," Editha akasoma.

Hayo ya mlonge niliyaongeza ili yanoge.

Bi Mauwa akafungua pindo la kanga yake. Akatoa kitambulisho cha taifa, kimefungwa ndani ya nailoni, akampa Editha.

"Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau."

Editha akasoma. "Mauwa Fakihi." Sauti ikapungua. "Amezaliwa Masasi. Elfu moja mia tisa sitini na moja."

"Baba yangu Fakihi alikuwa na binti mmoja tu," Bi Mauwa alisema. "Kufa, walisema nimekufa mwaka ule nilipohamia Dar bila kuaga. Niliacha waseme. Na mama yako kazaliwa lini?"

"Hamsini na mbili."

"Kaingia ndani ana miaka mingapi?"

Editha akatafuta kwenye kompyuta, japokuwa alikuwa analijua. "Kumi na mitatu."

"Basi mie nilikuwa na miaka minne. Nanyonya kidole." Akanigeukia. "Dada yangu, uliniosha vizuri?"

Nje nikasikia benchi linalia. Theonest alikuwa dirishani, mikono kwenye nondo.

"Theo," Editha alisema bila kugeuka, "ulijuaje hilo jina?"

"Nimesoma sura ya nne. Mara tatu, ukiwa umelala." Hakuwa anacheka tena. "Ni nzuri, mke wangu. Nilikuwa natafuta ndugu wa marehemu waje siku ya kukizindua kitabu. Nikamuuliza Gibson. Gibson akaniambia, marehemu yupi?"

Halafu akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu mwezi wa kwanza. Akanitazama mie. Akanisemesha mie.

"Mama. Sema mwenyewe."

Editha naye akanigeukia. Simu ilikuwa bado inarekodi, kitaa chake chekundu kinawaka juu ya mkeka. Uso wake haukuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Ulikuwa uso wa mtoto aliyepotea sokoni, anaangalia kila gauni kama ni la mama yake.

"Mama, huyo ni mwingine, sivyo? Kuna Binti Fakihi mwingine. Sema kuna mwingine."

Mwenyezi Mungu anisamehe, alinipa njia mwenyewe.

"Yupo mwingine," nikasema. "Wangu alikuwa mrefu."

Bi Mauwa akanyoosha mgongo. Akavua bangili zake, moja moja, akaziweka mkekani.

"Haya. Kila aliyetoka ndani, awe alishikwa na mie, awe alishikwa na mwingine, anayajua makofi ya kutokea. Hata wenye miaka tisini wanayajua. Hayasahauliki. Nipigie."

Mkwe dirishani. Mwanangu amepiga magoti. Bi Mauwa ametulia.

Nikainua mikono yangu miwili, yenye alama za mafuta ya korosho mpaka leo. Ikafika usawa wa kifua. Ikasimama hapo, viganja vinatazamana, na hakuna hata kimoja kilichojua pa kwenda.

Editha akazitazama zile alama. Akanyoosha kidole, akazima simu.

"Theo," akasema taratibu, "ile tiketi ya Masasi, bado wanakata kiti cha dirishani?"